Nani Kamnenepesha Mtoto Huyu?

Mtaani kwetu Mbagala, mtu akinenepa anapoteza jina lake. Mama yake alimpa jina, shehe au padri akaliombea dua, cheti cha kuzaliwa kipo kabatini, lakini mwili ukishatanuka tu, basi, yote yanafutwa. Anaitwa Bonge. Akiwa mtoto anaitwa Kibonge. Konda wa daladala naye, ambaye hajawahi kumwona maishani, atamwambia, "Bonge, sogea basi, hiyo siti ya watu wawili." Hata nyama zake zimepewa jina: minyama uzembe. Hebu lipime neno hilo, ndugu msomaji. Uzembe! Yaani mtaa umekaa, umesikiliza kesi na umeshatoa hukumu. Mtu mnene ni mvivu, kesi imefungwa.

Mimi naandika riwaya za upelelezi. Hakuna iliyochapishwa bado, zipo kwenye madaftari matatu chini ya kitanda. Ila kazi hiyo imenifundisha jambo moja: kesi inayofungwa haraka namna hiyo huwa ina mtu aliyeonewa ndani yake.

Aliyeonewa katika kesi hii ni mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu mkubwa, ana miaka kumi, na mimi naishi nao, chumba na sebule. Mwezi Machi alipanda kwenye mzani wa yule kijana anayepita mitaani akipima watu kwa shilingi mia mbili. Mshale ukasimama kwenye kilo 59. Mimi, mjomba mtu mwenye miaka 24, nina kilo 56. Watoto wenzake wakicheza mpira wanamweka golini, si kwa kuwa anadaka vizuri, ila "anaziba". Shuleni mwalimu mmoja alimwita kwa jina la mtaani mbele ya darasa zima, na darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo mtoto hali mbele za watu. Sahani yake anaichukua, anaenda kusimama nyuma ya mlango wa jikoni, anakula harakaharaka kama anayeiba. Chakula cha kwao mwenyewe!

Nyumbani kesi ina washtakiwa wengi. Mama mkwe wa dada alikuja kututembelea, akamtazama mjukuu wake, akasema, "Mmemfuga mtoto kama kuku wa kisasa." Hapo mshtakiwa ni mama. Shemeji yangu, dereva wa lori la kwenda Tunduma, akirudi safari anasema, "Mimi kwetu hakuna mnene. Hii ni damu ya kwenu, muone shangazi yenu wa Tandika." Mshtakiwa ni ukoo wetu. Majirani wanasema mtoto mvivu, kutwa yuko kwenye kochi na simu. Mshtakiwa ni mtoto mwenyewe. Dada yangu naye usiku anajifunika khanga, halali, anajishtaki peke yake.

Ndipo mwezi Juni akaja mshtaki wa nne, amevaa tai.

Alikuwa na begi jeusi na vipeperushi vya rangi. Alikuwa anauza dawa za kampuni moja ambayo sitaitaja, zile zinazouzwa mkono kwa mkono, kila muuzaji na bosi wake juu. Alimtazama mtoto, akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, akasema: "Mama, huyu mtoto hali sana. Huyu jeni zake za antioksidanti ni dhaifu. Sumu zinajazana ndani, mwili unavimba kujilinda. Sayansi imeshathibitisha." Chupa sita, dozi ya miezi mitatu, shilingi laki tatu na sitini elfu.

Nilimwona dada yangu akiyapokea maneno yale kama mtu aliyepewa maji jangwani. Kwa mara ya kwanza kuna mtu alimwambia si kosa lake. Na hela ilikuwa njiani. Tarehe 30 ilikuwa zamu yake kwenye mchezo, angepokea laki nne, ambazo mwaka mzima alizipigia hesabu ya kununua friji la mtumba, auze maji baridi na barafu pale barazani. Yule bwana alipoondoka, dada akanigeukia: "We si ndo msomi wa nyumba hii? Si ndo mwandishi? Kaulizie haya mambo ya jeni uniambie. Tarehe 30 nataka jibu."

Sasa, usomi wangu ni wa kidato cha nne. Riziki yangu ni kutoa kopi na kubaindi karatasi kwenye steshenari iliyo jirani na chuo kimoja cha afya. Lakini steshenari, ndugu msomaji, ni maktaba isiyo na kabati. Kila elimu inapita pale ikiwa moto, kabla wino haujakauka. Nikamvizia mwanachuo mmoja, dada mpole anayetuletea kazi zake za utafiti, nikamweleza. Akacheka kidogo, akasema, "Kaka, huyo muuzaji si kwamba amedanganya yote. Amekata kipande cha ukweli akakikaanga." Tukapatana. Mimi ningemchapia kurasa zake bure, yeye angenieleza kila mchana wakati foleni imepungua. Ninayoyaandika hapa ni matunda ya mapatano hayo.

Alianza kwa kuniuliza kama nakumbuka maabara ya kidato cha tatu. Nakumbuka vizuri! Mwalimu wa baiolojia alikuja na ini la ng'ombe kwenye mfuko wa nailoni, akakata kipande, akakitumbukiza kwenye haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda. Povu likapanda mpaka likamwagika mezani. Tulipiga kelele darasa zima. Tukaandika "kimeng'enya cha katalesi", tukafunga daftari, tukaenda kula mihogo. Hakuna aliyetuambia kwamba povu lile linahusu uhai wetu sisi wenyewe.

Kumbe iko hivi. Ndani ya seli za mwili wako kuna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Humo ndimo chakula kinapochomwa kwa oksijeni ili upate nguvu ya kutembea, kuwaza na kugombea daladala. Chukulia jiko la mkaa. Jiko likiwaka sawasawa linapika wali, lakini cheche hazikosi kuruka. Cheche za mitokondria ni aina ya oksijeni yenye ukorofi iitwayo supaoksaidi. Ikiachwa itembee inaunguza mafuta ya kuta za seli, inaunguza protini, hata DNA yenyewe haisalimiki.

Mungu hakuliacha jiko bila mlinzi. Mlinzi wa kwanza ni kimeng'enya kiitwacho supaoksaidi dismutesi. Kiligunduliwa na Wamarekani wawili, Joe McCord na Irwin Fridovich, katika Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1969. Kazi yake ni kuidaka ile cheche na kuigeuza haidrojeni peroksaidi. Naam, ile ile ya kuoshea vidonda, inatengenezwa ndani yako sasa hivi unavyosoma. Nayo si ya kuachwa hovyo. Ndipo wanapoingia walinzi wengine wawili. Mmoja ni katalesi, anayeivunja iwe maji na oksijeni, na oksijeni hiyo ndiyo lile povu la maini. Mwingine ni glutathayoni peroksidesi, ambaye hawezi kazi bila madini ya seleniamu, yale yanayopatikana kwenye samaki, dagaa na mayai. Hao watatu ndio vimeng'enya vya antioksidanti. Hakuna ajabu wala uchawi hapo.

Sasa jeni. Kila kimeng'enya kinaundwa kwa kufuata maandishi yaliyomo kwenye DNA, na maandishi hayo hayafanani herufi kwa herufi kati ya mtu na mtu. Katika dismutesi inayolinda mitokondria, nafasi ya 16, watu wengine wana kijenzi kiitwacho valini na wengine wana alanini. Tofauti hiyo ndogo inabadili jinsi kimeng'enya kinavyoingia ndani ya mitokondria. Nikamuuliza yule dada, "Kwa hiyo mmoja mzima, mwingine mbovu?" Akakataa. Akasema aina zote mbili zimejaa duniani, watu wazima na afya zao wanazo. Mimi nikajielewesha kwa lugha yangu: ni kama mmoja aandike "sasa hivi" na mwingine aandike "saivi". Ujumbe unafika, ila kwenye shughuli fulani mmoja unaweza kufika kwa shida kidogo.

Na ni kweli kabisa wapo wataalamu waliokwenda kutafuta tofauti hizo kwa watoto wanene. Huko Hispania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada na wenzao waliwapima watoto wanene na wasio wanene, na mwaka 2013 wakatangaza matokeo kuhusu jeni ya katalesi. Kuna herufi moja, eneo la kuanzia jeni hiyo, iliyoonekana kwenda pamoja na unene wa watoto. Kwa hiyo yule bwana wa tai hakuokota neno "jeni" jalalani. Alilitoa mahali.

Hapo nilishika kichwa. Niliona kesi imekwisha, nikamwambie dada anunue chupa. Lakini mpelelezi hafungi jalada kwa shahidi mmoja, hivyo nikauliza maswali matatu.

Swali la kwanza: kipi kilitangulia? Mwaka 2004 watafiti wa Osaka, Japani, walionyesha kwamba mafuta yakishajazana mwilini, yenyewe yanazidisha cheche na kuwachosha walinzi. Maana yake, ukimkuta mtoto mnene ana cheche nyingi na walinzi waliolegea, huwezi kusimama ukasema walinzi ndio walimnenepesha. Pengine unene ndio uliowalegeza walinzi. Pengine kila mmoja anamsukuma mwenzake, kama watu wawili kwenye bembea. Kuonekana pamoja si kusababishana. Mtaani kwetu kila moto ukitokea utawakuta watu wa zimamoto, lakini hakuna aliyewahi kusema ndio wanaochoma nyumba.

Swali la pili: mlinzi akikosekana kabisa, mtu ananenepa? Hapa nilipata kisa ambacho, kama ningekitunga mimi, mhariri angesema nimezidisha. Miaka ya 1940, huko Okayama, Japani, daktari wa masikio, pua na koo aitwaye Shigeo Takahara alikuwa anamtibu binti mdogo mwenye kidonda kinywani. Akammiminia haidrojeni peroksaidi kama alivyozoea. Hakuna povu! Damu ikageuka nyeusi tu. Daktari alidhani amepewa chupa siyo. Kumbe chupa ilikuwa sawa, binti ndiye hakuwa na katalesi, na alikuwa ameurithi upungufu huo katika ukoo wao. Watu wa namna hiyo wakaanza kutafutwa. Kama kukosa katalesi peke yake kungetosha kumnenepesha mtu, hao ndio wangekuwa mabonge namba moja duniani. Lakini Japani walijulikana kwa vidonda vya kinywa, na wengine walikuwa hawaumwi chochote. Huko Hungaria mwaka 2000 ilionekana wenye upungufu huo wanapata kisukari zaidi ya ndugu zao. Hilo ni jambo zito, ila bado si unene.

Swali la tatu: herufi moja ina uzito gani? Jeni maarufu kuliko zote kwa unene wa kawaida inaitwa FTO, na wala haimo kwenye kundi la walinzi wetu. Ilitangazwa mwaka 2007 baada ya kupima maelfu ya watu, wengi wao Waingereza. Mtu mzima aliyerithi nakala ya hatari kutoka kwa baba na kwa mama alimzidi asiye nayo kwa wastani wa kilo tatu. Kilo tatu! Hiyo ndiyo bingwa wao. Sasa zile herufi za katalesi na wenzake, zilizopimwa kwa watoto wachache zaidi, zitakuwa na nguvu kiasi gani? Tena wengi mno kati ya waliopimwa jeni ulimwenguni ni wa asili ya Ulaya, wakati Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko bara lolote. Mtu wa tai hakuwahi kuchukua hata tone la damu ya mpwa wangu. Aliisomaje jeni yake? Kwa macho?

Lakini nisije nikawaonea jeni nao. Shemeji aliposema "ni damu" alikuwa na hoja kuliko alivyojua. Mwaka 1986 huko Denmark walichunguzwa watu wazima 540 waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Unene wao ulifuata wazazi waliowazaa, si waliowalisha. Wasome hapo wote wanaowasimanga akina mama! Na mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili, binamu, wa ukoo wenye asili ya Pakistani. Wa miaka minane alikuwa na kilo 86, wa miaka miwili kilo 29. Walikuwa na njaa isiyokoma. Walikutwa na hitilafu katika jeni ya leptini, homoni inayouambia ubongo "tumeshiba". Mmoja wao alipochomwa sindano za leptini, njaa ilitulia na uzito ukashuka. Watoto hao, kabla ya siku hiyo, bila shaka waliitwa walafi. Hali hiyo ni adimu sana, wachache mno duniani wanayo. Ila inatufundisha kwamba njaa nayo inaandikwa, na si kila anayekula sana amechagua.

Basi nini cha mwisho? Watoto wa dunia nzima hawakubadilishwa jeni juzi. Jeni huchukua vizazi na vizazi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliozidi uzito walikuwa zaidi ya milioni 390, na kati yao milioni 160 walikuwa na unene wa kupindukia. Mwaka 2025 UNICEF ikatangaza kwamba kwa mara ya kwanza wenye unene wa kupindukia wa umri huo wamewapita wenye uzito pungufu, asilimia 9.4 kwa 9.2, isipokuwa Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini. Kilichobadilika ni sahani, chupa na uwanja. Chupa ya soda ya kola ya mililita 350 ina sukari ipatayo gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai. Hebu jaribu kutia vijiko tisa kwenye chai ya mtoto mbele ya bibi yake uone. Na uwanja wetu wa mpira umezungushiwa ukuta, ndani wanapanga matofali. Mtoto akirudi shule, akacheze wapi? Barabarani na bodaboda zile?

Kwa hiyo jeni inatega, mtaa unafyatua. Wapo watoto wawili wanaokunywa soda ile ile, mmoja haongezeki, mwingine anaongezeka. Huyo wa pili si mzembe kumzidi mwenzake. Amekuta mtego umeshategwa.

Zikabaki chupa sita za yule bwana. Nilimuuliza mwanachuo: hata kama jeni si sababu kubwa, kuongeza antioksidanti kutadhuru nini? Akanipa habari mbili. Ya kwanza ya Finland. Wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waligawiwa vidonge vya antioksidanti, wengine vya kuzugia tu. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Kumbe walinzi wakizidi nao wanaweza kuvuruga mtaa.

Ya pili ilinigusa zaidi, maana ni ya kwetu Afrika. Kwa miaka mingi wataalamu walijua kwamba watoto wenye kwashakoo, wale wanaovimba miguu na nywele kuwa nyekundu, wana upungufu wa glutathayoni, na mwaka 1987 ikatolewa hoja kwamba cheche ndizo zinazowavimbisha. Hoja nzuri, imekaa sawasawa. Huko Malawi zaidi ya watoto 2,000 wakapewa unga wenye antioksidanti, ikiwemo seleniamu, kuwakinga. Majibu yalitoka mwaka 2005. Haukuwakinga. Ndugu msomaji, walinzi ni wale wale kwa mtoto aliyekonda na kwa mtoto mnene, na hoja iliyonyooka kwenye karatasi ilipofika kwa mtoto mwenyewe ilikataa. Tena hao walikuwa watafiti wa kweli, walihesabu na kukubali matokeo. Yule wa tai anahesabu nini zaidi ya noti?

Habari ya kwashakoo niliibeba mpaka nyumbani kwa sababu nyingine. Mama yetu alizaa sita, wawili walizikwa kabla hawajatembea. Sisi tumelelewa chini ya kadi ya kliniki, ile yenye njia ya kijani na nyekundu, na mama akiomba nukta isishuke kwenye nyekundu. Kwa wanawake wa ukoo wetu mtoto mnene ni dua iliyojibiwa. Dada alipokuwa anamwongezea mwanawe kijiko cha pili cha ubwabwa hakuwa anamfuga kuku. Alikuwa anawafukuza wale wawili wa makaburini wasimwite.

Nilimweleza yote tarehe 28 usiku, tumekaa barazani, umeme umekatika. Nilitumia jiko la mkaa lililokuwa mbele yetu kama ubao wa kufundishia. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo ni kosa langu au si kosa langu?" Nikamwambia, "Dada, katika damu ya mtoto wako, si wewe wala yeye mwenye kosa. Katika soda na uwanja, wewe ni mmoja kati ya watu wengi, na wewe peke yako ndiye unayejuta." Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi hiyo laki tatu na sitini simpi mtu."

Tulimpeleka mtoto hospitali, maana mjomba wa steshenari si daktari. Daktari akampima urefu, presha na sukari, akauliza anavyolala. Sukari ilikuwa sawa. Akatuambia tusimnyime chakula wala kumtenga na sahani yake. Mtoto anaendelea kurefuka, na uzito ukisimama huku kimo kinapanda, hayo tayari ni mafanikio. Mabadiliko yawe ya nyumba nzima: soda itoke kwa wote, mboga ziingie kwa wote, mtoto atembee, alale mapema. Shemeji alinuna kuhusu soda, lakini alipozoea alinyamaza.

Friji limenunuliwa. Sitaficha kwamba lina utata wake, kwani barafu za dada zina sukari na wateja wake ni watoto wa wenzake. Tumegombana juu ya hilo mara mbili. Sasa amepunguza sukari na ameongeza maji ya kuuza, ila hawezi kuacha barafu, ndizo zinazolipa ada. Maisha ya mjini hayapangiki kama riwaya. Mwezi Septemba mtoto alikuwa na kilo zile zile 59, ameongezeka sentimita mbili. Tunaenda kwa miguu kila jioni mpaka Zakhem na kurudi, mimi na yeye, na njiani ananiuliza maswali ya kila namna.

Jumamosi moja nilinunua chupa ya haidrojeni peroksaidi duka la dawa na ini la shilingi mia tano buchani. Nikaita watoto wa uani. Mpwa wangu ndiye aliyemimina. Povu likapanda, wakarukaruka kama sisi tulivyorukaruka kidato cha tatu. Nikawaeleza habari za cheche na walinzi. Kisha mpwa wangu akauliza taratibu, wengine wasisikie, "Anko, na mimi ninao hao walinzi?" Nikamwambia, "Unao wengi sana, na wanafanya kazi usiku na mchana." Siku hiyo alikula uani na wenzake, amekaa chini mkekani.

Ninyi wenzangu mnaoandika, nina ombi moja. Hesabuni wanene waliomo katika hadithi zetu. Ama ni bosi mla rushwa mwenye kitambi, ama ni wa kuchekesha anayevunja kiti. Unene tumeutumia kama mhuri wa tabia, ili tusipate taabu ya kumchunguza mtu. Katika daftari langu la nne kuna mpelelezi wa miaka kumi anayeishi Mbagala. Nimeshaandika sura mbili. Ni mnene, lakini katika kurasa hizo zote hakuna anayemwita Bonge. Anaitwa kwa jina alilopewa na mama yake.